Tupeane uzoefu: kufunga UPS na kasha la betri za ziada kwenye kabati la seva

Wakuu, salaam. Nafunga mitandao hapa Dar. Naona ofisi nyingi zinanunua UPS (mashine ya betri inayoshikilia vifaa umeme ukikatika) ya bei kubwa, kisha kazi inakwama kwa mambo ambayo hakuna aliyeyauliza kabla ya kulipa. Aliyewahi kufunga, hasa mwenye kasha la betri za nje, atuambie alichokutana nacho.

Naanza na kina cha kabati. Watu wanahesabu U tu (kipimo cha kimo cha nafasi kwenye kabati): UPS ya 3 kVA, yaani ukubwa wa nguvu yake, inakula mbili, kasha la betri mbili, nafasi nne zipo, wanunue. Lakini mashine nyingi za ukubwa huo zinafika milimita 600 au kupita, na nyuma bado kuna plagi na nyaya za kupinda. Kabati la kina cha 600 halitafunga mlango. Mimi natafuta la 1000, la kusimama sakafuni, lenye nguzo nne. Yale ya kutundika ukutani ni ya swichi za mtandao, si ya betri.

Mdau wa Mwanza
Naongezea uzito. Kasha lenye betri 12 za 12 V, 9 Ah, ni karibu kilo 30 za betri peke yake, bado bati. Sisi tunatoa betri zote kwanza, tunafunga reli chini kabisa ya kabati, tunaingiza kasha tupu, ndipo betri zinarudi. UPS inakaa juu yake. Na vua pete na saa, jamani. Hata ukizima umeme wa jengo zima, betri bado zina umeme.

Mdau wa Mombasa
Huku kwetu adui ni joto. Kuna ofisi walikuwa wakizima kiyoyozi cha chumba cha seva kila Ijumaa jioni kupunguza bili. Betri hizi za madini ya risasi zinataka nyuzi 20 hadi 25 za Selsiasi. Zikizidi hapo kwa nyuzi 10, umri wake unashuka karibu nusu. Zao zilivimba hadi hazitoki kwenye kasha. Kisha wakataka kubadilisha zilizovimba tu! Nilikataa. Mpya ukiiunga na iliyochoka, chaji haigawanyiki sawa, na mpya nayo inakufa mapema.

Mdau wa Nairobi
Usiku wa 25 Agosti 2023, stima ilipopotea karibu Kenya yote, nilikuwa zamu. Kilichotuokoa ni waya wa USB kutoka UPS hadi seva: betri zilipokaribia kwisha, seva zilijizima zenyewe kwa utaratibu na data haikuguswa. Betri nyingi bila waya huo zinachelewesha tu msiba. Jambo jingine, ukiongeza kasha ingia kwenye menyu uiambie UPS una makasha mangapi. Nyingi hazijui zenyewe, kwa hiyo inakadiria muda mfupi na kuzima seva wakati betri bado zina chaji.

Mdau wa Arusha
Plagi! UPS ya 3 kVA ikibeba mzigo kamili inavuta ampea 13 hivi kwa volti 230, na ikichaji betri inaongeza. Nimekuta mafundi wamekata waya wake wa 16 A wakaweka plagi ya kawaida ya 13 A, imeungua hadi soketi. Ivutie laini yake yenye breka yake.

Swali kwa wazoefu: yangu inakataa umeme wa jenereta, inabaki kwenye betri hadi zinaisha. Nifanyeje?

Mwanzisha uzi
Mkuu wa Arusha, pima hezi (kasi ya mawimbi ya umeme) kwanza. Jenereta ndogo ikibebeshwa mzigo hezi zinayumba, na UPS inaona umeme mbovu. Kwenye menyu ongeza upana wa hezi inazokubali. Ikishindikana, jenereta ni ndogo kwa mzigo huo. Na unapoijaribu UPS kwa kuikatia umeme, zima breka, usichomoe plagi. Ukichomoa umeondoa na arthi, wakati vifaa vyote bado vinatembea.

Wa Zanzibar na Lubumbashi, tunawasubiri.