Mrejesho: gauni la jioni la miaka ya 1930

Dada zangu na mafundi wote, asanteni sana. Niliuliza namna ya kushona gauni refu la satini la miaka ya 1930, lile la kukatwa mshazari alilosifika nalo Madeleine Vionnet, mbunifu wa mavazi wa Paris, kwa sherehe ya rafiki yangu. Limeshonwa, limevaliwa, na limependeza mno.

Ushauri uliosaidia kuliko wote ni wa kulitundika. Nilikata vipande kwa pembe ya nyuzi 45, nikaunga, nikaliacha lining'inie siku kadhaa kabla ya kugusa pindo. Lilishuka kweli, tena bila usawa: ubavuni lilizidi kwa karibu sentimita 4! Kulijaribu kwanza kwa kitambaa cha pamba cha marekani kulinipa vipimo vizuri vya kifua na mabega, ila marekani ni ngumu, haimwagiki kama satini, hivyo kiuno ilibidi kipimwe upya.

Karatasi laini chini ya kitambaa ilizuia satini kuteleza kwenye mashine. Lakini mshono wa ubavu wa kushoto, penye vishikizo vya kubonyeza, bado una mawimbi. Pasi ya mvuke imeyapunguza tu. Mwenye dawa ya hapo anisaidie, maana nataka kushona la pili.

Kwa atakayelivaa: shimizi nayo ikatwe mshazari, la sivyo mistari yake inajichora kwa juu. Kitanzi cha kushikia mkia wa gauni mkononi kilifanya kazi, nimecheza muziki hadi usiku wa manane. Kitambaa kilikwenda mita 5, upana sentimita 150.