Tupeane uzoefu: ukipewa herufi tu, neno la Kiingereza unalitafutaje?

Kijana wa Makorora
Wakuu habari za jioni. Naomba wacheza Scrabble (ule wa kupanga vigae vya herufi ubaoni), Wordle (ule wa kubahatisha neno la herufi tano), wajaza mafumbo ya magazetini na wazazi wanaosaidia watoto homuweki tukutane hapa. Mimi nacheza Scrabble na wenzangu hapa Tanga na kitu ninachokiona ni kwamba wengi wetu msamiati tunao, tatizo ni namna tunavyotafuta. Tumekulia lugha ambayo neno linaishia na irabu kwahiyo jicho linapanga silabi, ba be bi, sasa mtu akipewa E G H N R S S T T anaona hakuna kitu kumbe hapo kuna strengths, herufi tisa na irabu moja tu. Siku hizi naanza na mikia. Nikiona I N G naziweka pembeni, E na D, E na R, halafu vichwa kama RE, UN, OUT, ndo nacheza na zilizobaki. Majuzi nilikuwa na A E G I L N R na ubaoni kuna T imekaa vizuri, nikatenga ING, zikabaki A E L R na ile T, relating hiyo hapo na bonasi ya alama 50 juu kwa kumaliza herufi zote saba za mkononi. Mwenzangu akaniambia humohumo kuna altering, alerting, triangle na integral. Nilifurahi sana aisee.

Bint Pwani
Shikamooni wakubwa. Mimi nisemee Q maana ndo inayowatesa watu, kila mtu anakaa nayo akisubiri U mpaka gemu inaisha. Acheni kusubiri. Kuna qi, hiyo ya herufi mbili tu inakupa alama 11, kuna qat, qadi, qaid, faqir, niqab, talaq. Ukiangalia mengi yametoka Kiarabu, mtu wa pwani hana haja ya kuyakariri, kadhi na talaka tumezisikia tangu utotoni, ni kujua tu wenzetu wanaziandikaje.

mkulima_wa_code
@Bint Pwani umenifungua macho dada. Mimi ni mtu wa kompyuta, nilipenda kujua zile programu za kutafuta maneno zinafanyaje kazi nikaja kuona siri ni ndogo sana, unachukua kila neno kwenye orodha unapanga herufi zake kwa alfabeti, listen inakuwa EILNST, silent EILNST, enlist nayo hivyohivyo, kwahiyo maneno yote yenye ufunguo mmoja yanakaa fungu moja na ukileta herufi zako inapanga inachomoa fungu zima papo hapo. Mwenye kompyuta ya Linux atumie grep, amri ya kutafuta, kwenye faili la maneno, unaweka nukta pale usipojua herufi. Ila mimi naitumia baada ya gemu, kujifunza nilipitwa na nini. Kuitumia katikati ya mchezo ni kumwibia mwenzako.

Mwl. Mstaafu
Vijana marahaba. Mafumbo ya gazeti nayajaza tangu naanza kazi. Herufi zikigoma usiziandike kwa mstari, ziandike kwa duara, mstari unakulazimisha kusoma kutoka kushoto na akili inang'ang'ania mpangilio uleule. Darasani niliwafanyia watoto hivyo na wale waliokuwa wazito wa spelingi ndio walikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

Neema_K
Asante mwalimu, leo nalijaribu na mwanangu. Kwenye Wordle mimi naona watu wanakimbilia kupata neno wakati kazi ya kwanza ni kufuta herufi. Ukishapata IGHT mwishoni usianze kubahatisha light, night, right, might, sight, fight, tight, nafasi sita zitaisha hivihivi. Tupa neno kama forms, kwa mpigo mmoja umepima F, R, M na S. Kama umewasha ile hali ngumu, inayokulazimisha kutumia herufi ulizokwisha pata, haitakukubalia lakini wengi hatuiwashi.

Otis wa Eastlands
Wasee wa TZ niaje. Huku Nairobi tuko na klabu ya Scrabble na mazoezi yetu ni maneno ya herufi mbili kwanza, hizo ndo zinakufungulia bodi. Mjue tu V haiko kwa hata moja, so ukiishika itoe mapema, na C kwa kamusi ya Collins iko kwa ch pekee. Collins pia imekubali mzee na matatu, yaani mzee peke yake inakupa alama 15 na ni neno la nyumbani. Na msiambiwe Kiingereza ni cha wenyewe, 2015 kule Perth, Australia, Mnaijeria Wellington Jighere ndiye alichukua ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza, Mwafrika wa kwanza. Mwaka huohuo Nigel Richards wa New Zealand alishinda ubingwa wa Kifaransa na hasemi Kifaransa, alikaa tu na kamusi.

Kijana wa Makorora
@Otis hapo kwa Richards ndo nimeganda kabisa kaka. Hiyo orodha yenu ya herufi mbili iweke hapa basi, na mwenye ujanja wa kupona ukiwa na I tatu mkononi asituache.