Debian 12: /var/log/syslog haipo

Ngamiani
Wakuu, kuna seva ya ofisi hapa Tanga, Debian 12 (aina ya Linux) iliyosakinishwa karibuni. Nikiandika `tail /var/log/syslog` naambiwa faili halipo. Nataka pia ipokee logi (kumbukumbu za matukio) za ruta, 192.168.1.1. Nijenge rsyslog, ile programu ya kuandika logi kwenye mafaili, kutoka msimbo chanzo?

Chumbageni
Usijitese mkuu. Kuanzia Debian 12 rsyslog haiwekwi yenyewe, logi zinakaa kwa journald tu (huduma ya logi ya mfumo wenyewe). Zisome kwa `journalctl`. Kifurushi cha rsyslog kipo tayari, huna haja ya kujenga:

`sudo apt update`
`sudo apt install rsyslog`

Kisha `logger jaribio` ili kutuma ujumbe wa majaribio kwenye logi, halafu `sudo tail -n 3 /var/log/syslog`. Neno "jaribio" likionekana mwishoni, imekaa sawa.

Raskazone
Usiongeze `--no-install-recommends` ili kuokoa bando. Logrotate, inayopunguza logi za zamani, inaweza kubaki nje, faili likavimba mpaka diski ijae.

Kuhusu ruta: fungua `/etc/rsyslog.conf`, ondoa alama ya # kwenye ile mistari miwili ya imudp (sehemu ya rsyslog inayopokea logi za mtandao kwa njia ya UDP). Kagua kwa `sudo rsyslogd -N1` kabla ya `sudo systemctl restart rsyslog`. Kama unatumia ufw (ngome ya kuzuia miunganisho ya mtandao):

`sudo ufw allow from 192.168.1.1 to any port 514 proto udp`

Poti 514 usiiache wazi kwa intaneti nzima, jamani.

Ngamiani
Jaribio limeonekana, ila saa iko nyuma kwa masaa matatu.

Chumbageni
Seva iko kwenye UTC (saa ya kimataifa), siyo saa ya Tanzania. `sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`, halafu washa upya rsyslog. Na umeme ukikatika kwenye seva, ujumbe wa UDP uliotumwa wakati huo haurudi tena.