Okidi imwagiliwe vipi wakati wa kipupwe ili ichanue?

MamaBustani, Kigamboni
Ndugu zangu, ninayo okidi aina ya Phalaenopsis barazani. Majani yake ni mapana, yenye rangi ya kijani iliyokolea sana, na mizizi ina afya, lakini tangu maua iliyonunuliwa nayo yapukutike haijachanua tena. Maelekezo mengi huwalenga watu wa nchi zenye baridi kali, nao huambiwa wapunguze maji. Je, sisi wa Dar es Salaam, ambao baridi yetu ni kipupwe cha Juni hadi Agosti, tupunguze kwa kiasi gani?

Mtunza Miche, Mbezi
Dada, kinachoiamsha Phalaenopsis itoe kikonyo cha maua ni ubaridi, si kiu. Mmea huu hauna mashina manene ya kuhifadhia maji, hivyo ukiunyima maji majani yatasinyaa bila faida yoyote. Joto likizidi nyuzi 28 mfululizo huendelea kuota majani tu. Inahitaji wiki kadhaa za ubaridi, na hapa kwetu usiku wa Julai hushuka hadi karibu nyuzi 19, kiasi kinachoweza kutosha iwapo chungu kitakaa panapopita upepo wa kusi, mbali na ukuta unaopigwa jua mchana kutwa. Mwagilia asubuhi, mizizi inapopoteza ukijani na kuwa na weupe wa kijivu, na usiache maji yatuame katikati ya majani, kwani uozo huanzia hapo. Rangi ya majani yako ndiyo inayonitia shaka zaidi: kijani kilichokolea hivyo ni dalili ya mwanga hafifu, basi isogeze ipate jua la asubuhi lisilo kali.

Babu wa Maua, Tegeta
Naongeza kuhusu maji yenyewe. Visima vingi vya pwani vina chumvi, nayo huunguza ncha za mizizi. Tumia maji ya mvua ukiweza kuyakinga.

MamaBustani, Kigamboni
Nawashukuru sana. Shikamoo, Babu. Ninayo pia okidi ya kienyeji niliyoifunga kwenye mwembe, yenye maua ya njano na madoa ya kahawia. Nayo niimwagilie vivyo hivyo?

Babu wa Maua, Tegeta
Marahaba, mwanangu. Kwa maelezo yako hiyo ni Ansellia africana, na kwake jibu ni tofauti kabisa. Mashina yake manene mithili ya miwa huhifadhi maji, na porini huvumilia kiangazi kirefu, kwa hiyo ipumzishe kwa maji machache sana hadi machipukizi mapya yatokeze. Tafadhali usiikate ile mizizi myembamba inayosimama wima, kwa kuwa hunasa majani makavu ambayo yakioza huulisha mmea.