Mchujo wa Democrats 2020: kambi ya kati, ya kushoto au wageni wa siasa?

Mnazi_Mkavu: Wakuu habari za jioni. Jana tulibishana hapa mpaka usiku kambi ipi ilishinda ule mchujo wa 2020, chama cha Democrats cha Marekani kilipokuwa kinachagua mgombea urais, na naona tunachanganya mambo. Kambi ya kati ni Biden, Buttigieg na Klobuchar. Kushoto Sanders na Warren, hawa wanataka bima ya afya ya serikali kwa kila mtu. Wageni ni Yang na ile dola 1,000 kila mwezi kwa kila mtu mzima, na Bloomberg na hela zake. Mimi nasema kati walishinda kwa kuachiana njia, sio sera. Biden Iowa wa nne, New Hampshire wa tano, tukajua kaisha, halafu 29 Februari kabeba South Carolina, kesho yake Buttigieg katoka, keshokutwa Klobuchar naye katoka na usiku huohuo wote wako Dallas wanamuunga mkono, Jumanne majimbo 14 yanapiga kura kachukua 10!

Binti_Pangani: Kaka hapana. Njia aliifungua nani? Clyburn, mbunge wa South Carolina, alimuunga mkono Biden siku tatu kabla ya kura, na wazee weusi wa South Carolina hawakusubiri mtu ajitoe, Biden walimjua toka enzi za Obama. Bernie Sanders hapohapo aliangushwa na Hillary Clinton 2016.

Mhamiaji_Iowa: Ile ya Iowa ndo ilikuwa caucus yangu ya kwanza kama raia, yaani mkutano wa kuchagua mgombea kwa kusimama kundi kwa kundi. Ukumbi wa mazoezi wa shule, kila kundi na kona yake, mnahesabiwa. Msipofika asilimia 15 kundi linavunjika mnaenda kwa wengine. Mi nilisimama kwa Yang, tukabaki wachache, mama wa kona ya Klobuchar akaja na sahani ya biskuti kutubembeleza, ila jirani yangu wa mlango wa pili akanipungia mkono toka kwa Bernie basi nikaenda huko. Kambi hata sikuziwaza, nilimfuata ninayemjua.

Kipanga_Kisauni: Hao wageni msiwaweke fungu moja bana. Yang alikuwa na hoja. Bloomberg alimwaga zaidi ya dola milioni 500 akaambulia ushindi American Samoa pekee, visiwa vya Marekani huko Pasifiki, na pale kwenye mdahalo wa Las Vegas Warren alimbana kuhusu wale wanawake waliosainishwa mikataba ya kukaa kimya, jamaa akakosa jibu.

Mnazi_Mkavu: Binti, kwa Clyburn nimekubali, hilo nililiruka. Lakini angalia Maine, Biden alimpita Sanders kwa kama asilimia moja tu na Warren alikuwa na 15 na ushee. Angetoka Jumatatu kama Klobuchar si Bernie angelibeba lile? Yeye kaja kutoka Alhamisi, mambo yameshaisha.

Binti_Pangani: Maine nakupa. Ila Jumanne hiyohiyo Massachusetts walikuwa wanapiga kura, ndo kwao Warren, seneta wao. Akawa wa tatu kwao, na iliniuma sana, lakini huwezi kumwambia mtu ajitoe siku moja kabla watu wake hawajamchagua.

Mhamiaji_Iowa: Klobuchar mbona alijitoa siku hiyohiyo na Minnesota, kwao, walikuwa wanapiga kesho yake?