Pikipiki ya zamani isiyo na cheni, ipo Mufindi. Ni ya kampuni gani?

Mwana_Mafinga:
Habari za humu wakubwa. Marehemu babu aliacha pikipiki bandani, kule Mufindi kwenye mashamba ya chai. Bibi anasema aliinunua kwa Mzungu aliyekuwa msimamizi wa shamba, wakati anarudi kwao. Tairi zake ni nene kama za gari dogo, kiti ni cha mtu mmoja, na cheni haina kabisa: kuna shafti inakwenda gurudumu la nyuma. Silinda ni mbili, moja mbele ya nyingine. Kwenye tenki zimebaki herufi S, U na N, kwingine kutu. Wa vyuma chakavu wameshaanza kuulizia bei ya kilo. Niwape?

Fundi_Mwanjelwa:
Mdogo wangu, pole kwa kuondokewa na babu. Nakuomba sana, usiwape. Kwa maelezo yako hiyo ni Sunbeam S7, na kwa huku kwetu kuikuta nzima ni bahati kubwa.

Sunbeam ilianzishwa na John Marston wa Wolverhampton, Uingereza. Mzee huyo alikuwa mtu wa kupaka vyombo vya bati rangi ya kung'aa, akaingia kwenye baiskeli mwaka 1887, na pikipiki ya kwanza akaitoa 1912. Ndiyo maana rangi na umaliziaji wa Sunbeam za mwanzo vilisifiwa sana. Mbio nazo walizijua: Senior TT ya Isle of Man walishinda 1920, 1922, 1928 na 1929. Marston alifariki 1918, kampuni ikapita mikono kadhaa, na mwaka 1943 jina likanunuliwa na BSA, kampuni nyingine ya pikipiki ya Uingereza. Kwa hiyo yako imetengenezwa na BSA, kiwanda cha Redditch.

Aliyeichora ni Erling Poppe. Walichukua BMW R75 ya jeshi la Ujerumani wakaichunguza, ila injini wakaja na yao: cc 487, bloku ya alumini, kemshafti juu ya hedi, gia boksi imefungwa nyuma ya injini kama gari. Kundi la kwanza lilipelekwa Afrika Kusini kwa polisi wa kusindikiza ziara ya Mfalme George VI, 1947. Zikarudishwa, zilikuwa zinatetemeka mno. Hapo ndipo wakaikalisha injini kwenye raba. Angalia bomba lako la eksozi, utakuta kipande kinachopinda: injini ikicheza, bomba lisipasuke.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo pikipiki hizi zinapouawa. Habu ya nyuma haina meno ya kawaida ya difu. Kuna skrubu ya chuma inazungusha gurudumu la meno la bronzi. Bronzi ni laini. Ukiweka oili yoyote ya difu unayouziwa dukani, zipo zenye salfa inayoila bronzi taratibu, na gurudumu hilo hulipati Mbeya wala Dar. Poppe mwenyewe aliitaka injini yenye nguvu zaidi, ikabidi ipunguzwe kwa sababu ya kifaa hicho hicho. Tafuta oili inayoruhusiwa kwa bronzi, usikubali mbadala.

Nijibu kitu kimoja: leva za klachi na breki zimeshikia wapi?

Dada_wa_Tukuyu:
Shikamoo fundi. Mwana_Mafinga, baba yangu aliwahi kuwa na pikipiki ndugu ya hiyo yako, S8, ya kuanzia 1949. Injini ni hiyo hiyo ila tairi nyembamba na shokapu za mbele za BSA. Tairi zako za rimu 16 zinaonyesha ni S7 kweli. Ushauri wangu ni wa makaratasi: tafuteni kadi sasa. Familia ikae, msimamizi wa mirathi athibitishwe Mahakama ya Mwanzo, ndipo umiliki ubadilishwe TRA. Sisi tulichelewa, ndugu wakagombana, pikipiki ikaozea nje kwenye mvua zetu hizi.

Mwana_Mafinga:
Shikamoo fundi, asante dada. Nimefuta vumbi. Leva zimeshikia kwenye ncha za usukani, zinafunguka kwa ndani. Waya sizioni kabisa. Rangi chini ya vumbi ni nyeusi.

Fundi_Mwanjelwa:
Marahaba. Waya zinapita ndani ya bomba la usukani. Hiyo ni S7 ya mwanzo kabisa, kabla ya toleo la S7 De Luxe la 1949, ambayo nyingi zilipakwa kijani cha ukungu. Nimefurahi mpaka nimemwita mwanafunzi wangu asome.

Usipige kiki. Toa plagi zote mbili, mimina oili nyepesi kidogo kila tundu, acha siku kadhaa. Kisha weka gia ya juu, zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono, polepole. Likigoma acha, usilazimishe. Na habu ya nyuma usiifungue kabla sijafika. Oili ya zamani iliyomo nataka kuiona kwenye kitambaa cheupe, kama ina chembe za rangi ya dhahabu, yaani bronzi iliyolika.