Setilaiti yetu ya 1U: tulipie nafasi ya roketi sasa au tusubiri?

kopo_la_anga
Wakuu, habari zenu. Sisi ni kikundi cha wanafunzi, tunaunda CubeSat ya 1U, ule mchemraba wa sentimita 10 kila upande. Kompyuta inawaka, kamera inapiga picha, redio inasikika hadi jengo la pili. Sasa tumefika kwenye roketi. Dalali mmoja wa safari za pamoja ametujibu kwamba anayo nafasi mwakani, ila anataka malipo ya awali ili asimpe mwingine. Msimamizi wetu anasema tulipe upesi. Wengine kwenye kikundi wanataka tupitie Kituo cha Kimataifa cha Anga. Mliokwisha kupita njia hii, mnatushauri nini?

fundi_reli
Mdogo wangu, shikilia pesa yenu kwanza. Masafa ya redio mmepewa na nani? Hujayataja popote, na wengi hukwama hapo hapo. Nafasi za kupanda hazijaadimika: Februari 2017 roketi ya India, PSLV, ilibeba setilaiti 104 kwa mkupuo, na Januari 2021 roketi ya Falcon 9 ikapandisha 143 katika safari ya Transporter-1. Kisichoharakishwa ni karatasi.

Kazi yangu ni kupakia setilaiti za watu kwenye visanduku vya kufyatulia, vile vinavyozibeba safarini na kuzisukuma nje huko angani, kwa hiyo naziona zinazopanda na zinazorudishwa kwao. Kama mnatumia bendi za redio za ridhaa, mnaomba uratibu kwa IARU, umoja wa kimataifa wa redio za ridhaa, kisha mamlaka ya mawasiliano ya nchi yenu ndiyo inayopeleka taarifa ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, kule Geneva. Chuo hakiwezi kujipelekea. Faili hilo hukaa mezani kwa watu miezi mingi, na mwenye roketi hawapakii bila leseni. Ikichelewa, mahali penu patawekwa kipande cha chuma chenye uzito uleule, safari iendelee.

Na msidhani mtajipenyeza. Kampuni ya Swarm ilinyimwa kibali na FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, kwa sababu setilaiti zake za SpaceBEE zilikuwa robo tu ya 1U, ikahofiwa kwamba rada zisingeweza kuzifuatilia vizuri. Wakazirusha hivyo hivyo Januari 2018 kwa roketi ya India. Kabla mwaka haujaisha walikubali kulipa dola 900,000.

Sasa mpitie Kituo cha Kimataifa au roketi iwafyatue moja kwa moja? Inategemea kamera yenu inataka kuona nini. Kituo kiko kilomita kama 400 juu, na njia yake imeinama digrii 51.6 kutoka ikweta, kwa hiyo maeneo ya ncha za dunia hamtayapita kabisa, na hewa nyembamba iliyoko huko itaivuta setilaiti chini katika mwaka mmoja au miwili hivi. Uzuri wake, mnapanda kama mzigo, mmefungiwa kwenye sponji pamoja na mahitaji ya wanaanga, mtetemo unakuwa hafifu. Huko juu kisanduku kinatolewa kupitia mlango wa hewa wa Kibo, maabara ya Japani kituoni, mkono wa roboti unakielekeza, springi inasukuma. JAXA, shirika la anga la Japani, na ofisi ya Umoja wa Mataifa ya masuala ya anga wana mpango wa KiboCUBE ambao safari hiyo huitoa bure kwa taasisi za nchi zinazoendelea. 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilitoka hivyo mwaka 2018, Quetzal-1 ya Guatemala mwaka 2020. Angalieni kama mnastahili kabla ya kumlipa mtu yeyote. Ila betri yenu itahojiwa kuliko mshtakiwa, maana mle ndani wanaishi watu.

Mkienda moja kwa moja, mara nyingi ni obiti inayolandana na jua, kilomita 500 na ushei, na kila eneo mnalipita saa ileile ya mchana. Kwa picha ni tamu sana. Lakini mwenye mzigo mkuu ndiye mwenye safari. Ninyi mmeomba lifti. Akiahirisha, nanyi mmeahirisha.

Jingine, mkapime reli leo. Zile pembe nne zinazoteleza ndani ya kisanduku ziwe na upana wa angalau milimita 8.5 na zipewe utando mgumu wa kinga (hard anodize), la sivyo alumini hushikana na alumini kwenye ombwe. Na chochote kinachotokeza ubavuni kisizidi milimita 6.5. Niliwahi kupokea setilaiti nzuri ajabu, waya zimepangwa hadi unapenda, lakini ikakwama nusu ya kisanduku. Tukamulika kwa tochi: tone la gundi limekaukia kwenye kichwa cha skrubu karibu na reli, dogo kama punje ya mtama. Tulilikwangua kwa kipande cha plastiki, taratibu, huku wenyewe wamesimama nyuma yangu hawasemi neno.

sikio_la_usiku
Naongezea upande wa redio. Kiwango cha CubeSat kinataka mnyamaze dakika 45 baada ya kufyatuliwa. Mkipanda na umati, siku za mwanzo rada zinaona vitu vingi pamoja na hakuna anayejua kipi ni chenu. Wekeni jina la kuitia kwenye mlio wenu, Morse inatosha, na mtangaze masafa mapema kwa watu wa SatNOGS, mtandao wa antena za watu wa kujitolea wanaosikiliza setilaiti. Sisi tunaokesha na antena tutawasaidia kuitambua kwa jinsi masafa yanavyopanda na kushuka inapopita.

hesabu_kwanza
Mimi sikubaliani sana na fundi kuhusu kutolipa. Malipo ya awali si mabaya iwapo mkataba unawaruhusu kuhamia safari nyingine bila kupoteza kitu. Someni kipengele cha ucheleweshaji wa upande WENU, maana ucheleweshaji wa roketi wao huwa wamejilinda tayari. Na bima, roketi zinalipuka. Oktoba 2014 Antares ililipuka sekunde chache baada ya kuruka na setilaiti ndogo 26 za kampuni ya Planet zikateketea.

kopo_la_anga
Asanteni sana wakubwa zangu. Nimemwonyesha msimamizi, ameanza kuandika barua ya masafa. Fundi, tumepima: kiunganishi cha antena kimetokeza milimita 8 upande mmoja. Tumekwisha?

fundi_reli
Bado. Hesabu_kwanza ana hoja, kipengele cha kuhama kikiwepo nami ningelipa. Kuhusu hiyo 8, vipo visanduku vinavyoruhusu zaidi ya 6.5. Mwulizeni dalali anatumia kisanduku cha kampuni gani, awape michoro yake na orodha ya vipimo vya mtetemo. Asipoweza kuwaambia kisanduku ni cha nani, tafuteni dalali mwingine. Na kiunganishi hicho kipigieni picha, rula ikiwa pembeni, muiweke hapa niione.